Utalii wa baiskeli katika Milima ya Usambara

Utalii wa baiskeli katika Milima ya Usambara ni safari zinazofanywa kwa baiskeli kupitia misitu, vijiji na mashamba ya milima hiyo iliyoko Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Safari hizo huweza kuchukua saa chache kuzunguka mji wa Lushoto, au siku kadhaa kutoka kijiji hadi kijiji, msafiri akiwa amefunga nguo, maji na vifaa vyake kwenye baiskeli.

Tofauti na safari za tambarare, safari ya milima yenye misitu haipimwi kwa kilomita peke yake. Ugumu wake hutegemea mita anazopanda msafiri, hali ya njia baada ya mvua, na uwezo wa breki wakati wa kuteremka. Wageni wengi hujiandaa kwa ajili ya kupanda tu, kwa kuwa ndiko kunakochosha. Lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye mteremko, kama methali isemavyo: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Mahali na umbo la milima

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuelekea kusini magharibi ndani ya Tanzania. Bonde la mto Lwengera linaigawa Usambara katika sehemu mbili:

- Usambara Magharibi, ambako kuna miji na vijiji vya Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Sehemu hii ni pana na ya juu zaidi. Vilele vyake vinapita m 2,200 juu ya usawa wa bahari.
- Usambara Mashariki, ambako kuna Amani. Sehemu hii ni ya chini zaidi, iko karibu na bahari na hupata unyevu mwingi.

Kingo za milima hii ni za ghafla. Upande wa magharibi, mtu aliyesimama Irente au Mtae huona tambarare kavu iko chini yake kwa mamia ya mita. Juu ya kingo hizo hakuna uwanda ulio sawa, bali kuna mabonde na migongo ya vilima inayofuatana. Kwa hiyo mwendesha baiskeli aliyekwisha kupanda kutoka tambarare hajamaliza kupanda. Kati ya kijiji na kijiji huteremka hadi kwenye kijito, akavuka, kisha akapanda tena. Vijiji viwili vinavyoonana kwa macho vinaweza kuwa mbali kwa saa nzima ya kukanyaga pedali.

Misitu

Misitu ya asili ya Usambara hupata maji kutokana na pepo zinazotoka Bahari ya Hindi. Hewa yenye unyevu inapopanda milimani hupoa, nayo hufanya mawingu, ukungu na mvua. Kwa kuwa misitu hii imedumu muda mrefu sana ikiwa imezungukwa na nchi kavu, ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana penginepo duniani. Mmea uliojulikana zaidi ni urujuani wa Usambara, ua dogo la rangi ya zambarau ambalo leo hupandwa katika vyungu ndani ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma mimea hiyo kwao kutoka Tanga, na jina la kisayansi Saintpaulia lilitokana na jina lake.

Katika Usambara Magharibi msitu unaotembelewa zaidi na wageni ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, karibu na Lushoto, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 9,000. Humo kuna mikulo (Ocotea usambarensis), mitarakwa na miti ya podo, pamoja na mbega, kima na aina mbalimbali za vinyonga. Jirani yake, upande wa Shume, kuna mashamba makubwa ya misonobari na miti mingine iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Msafiri hutambua tofauti mara moja: katika shamba la miti shina zote zina umri mmoja na zimesimama kwa mistari, na chini yake hakuna mimea mingi, katika msitu wa asili kuna ngazi za miti mirefu, mifupi, mitambazi na kuvumwani, na mwanga ni mdogo hata mchana.

Katika Usambara Mashariki iko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini Tanzania. Ndani yake kuna bustani ya mimea iliyotokana na taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wajerumani waliianzisha Amani mwaka 1902.

Historia ya njia

Njia za kwanza za Usambara zilikuwa za miguu. Ufalme wa Wakilindi ulikuwa na makao yake Vuga, na wasafiri wa karne ya 19 walipanda huko kwa miguu: mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfikia mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na Richard Burton na John Hanning Speke walifika Vuga mwaka 1857. Njia za miguu mara nyingi hukata moja kwa moja kupanda kilima au kufuata mgongo wake, kwa sababu mtu anayetembea anaweza kupanda mwinuko mkali kwa hatua fupi.

Gurudumu lilihitaji njia ya namna nyingine. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na barabara ikajengwa kutoka hapo kwenda Lushoto, mji ulioitwa wakati ule Wilhelmstal. Barabara hiyo hupanda kwa kona nyingi kando ya korongo. Kona hizo zina kazi yake: hurefusha njia ili kila mita ya njia iwe na mwinuko mdogo zaidi. Upande wa Shume, ambako mbao za mtarakwa zilikuwa zikikatwa, njia ya kona haikutosheleza; palijengwa njia ya kamba za chuma angani kuteremsha magogo hadi Mkumbara kwenye reli.

Baiskeli nayo ilikuwa imekwisha kubadilika kufikia wakati huo. Chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali kilitengenezwa na Karl Drais huko Ujerumani mwaka 1817. Baiskeli yenye magurudumu yaliyolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma ilipata umbo lake la kudumu kwa kazi ya John Kemp Starley wa Uingereza mwaka 1885, na tairi la kujazwa upepo la John Boyd Dunlop lilifuata mwaka 1888. Kati ya miaka 1884 na 1886 Thomas Stevens aliizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, akithibitisha kwamba chombo hicho kinafaa kwa safari ndefu. Baiskeli ya milimani yenye tairi pana na gia nyingi ilianza katika vilima vya Marin, California, katika miaka ya 1970. Baiskeli ya namna hiyo ndiyo inayotumiwa zaidi na watalii wa Usambara leo.

Njia zinazotumika

Mombo – Soni – Lushoto. Ni barabara ya lami ya takriban km 33, inayopanda kiasi cha m 1,000. Sehemu kali zaidi iko kati ya Mombo na Soni, ambako barabara hufuata korongo na maporomoko ya maji ya Soni huonekana karibu na njia. Lami ni nzuri, lakini barabara ni nyembamba na ina kona zisizoonyesha mbele. Hupitiwa na mabasi pamoja na malori yanayoteremsha kabichi, viazi, karoti na matunda. Wakati wa mvua mawe na udongo huweza kuanguka kutoka kwenye ukingo.

Lushoto – Irente. Ni safari fupi inayofaa siku ya kwanza, kwa njia ya vumbi kupitia mashamba na nyumba hadi kwenye jabali linalotazama tambarare za Mazinde. Hutumika kuzoea hewa ya juu, kukagua breki na kujua kama mzigo umefungwa vizuri.

Lushoto – Magamba – Lukozi – Mtae. Ni njia ya takriban km 60 kuelekea kaskazini magharibi. Huanza kwa kupanda hadi Magamba, ikagusa msitu, kisha ikapita katika nchi ya mboga na masoko hadi Mtae kwenye ukingo wa milima. Hali ya hewa ikiwa safi, kutoka Mtae huonekana Milima ya Upare, na pengine Kilimanjaro. Mwenye mazoezi anaweza kuimaliza kwa siku moja, lakini wengi huigawa kwa siku mbili au tatu.

Soni – Bumbuli. Ni njia ya vilima inayopita katika mashamba ya chai. Upande huo uko msitu wa Mazumbai, unaomilikiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na kutumika kwa mafunzo na utafiti.

Muheza – Sigi – Amani. Ni njia ya Usambara Mashariki, ya takriban km 35. Huanza katika nchi ya joto ya michungwa na minazi, ikaingia msituni Sigi, kisha ikapanda kwa kona hadi Amani kwenye mwinuko wa takriban m 900. Udongo mwekundu wa njia hii huwa laini na wenye kuteleza mvua inyeshapo.

Kupanda

Ugumu wa kupanda hupimwa kwa mwinamo, yaani mita ngapi mtu hupanda kwa kila mita 100 za njia. Kutoka Mombo hadi Lushoto mwinamo wa wastani ni kama asilimia 3. Hata hivyo wastani huficha mengi: vipande vilivyo karibu sawa hufuatwa na vingine vya asilimia 8 au zaidi, na hivyo ndivyo vinavyomaliza nguvu za msafiri.

Hesabu rahisi ya fizikia husaidia kupanga siku. Tuchukue msafiri wa kg 70, baiskeli ya kg 15 na mzigo wa kg 15, jumla kg 100. Kuinua uzito huo m 1,000 kunahitaji:

100 × 9.8 × 1,000 = juli 980,000

Mtu wa kawaida mwenye afya anayekanyaga pedali kwa muda mrefu anaweza kutoa wati 100. Kwa kiwango hicho kazi hiyo peke yake itamchukua sekunde 9,800, yaani saa 2 na dakika 43, bila kuhesabu msuguano wa tairi, upepo wala mapumziko. Mzigo ukipunguzwa kwa kg 10, muda hupungua kwa sehemu moja ya kumi, yaani zaidi ya robo saa. Kwa sababu hiyo wazoefu huanza maandalizi kwa kutoa vitu kwenye mfuko.

Misuli hugeuza sehemu kama robo tu, au moja ya tano, ya nishati ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto na jasho. Kwa hiyo mpando huo hudai kilojuli 3,900 hadi 4,900 za chakula. Msafiri aliyekunywa chai tu asubuhi huishiwa nguvu kabla ya Soni. Vyakula vya njiani vinatosha kwa kazi hiyo: ndizi, viazi, chapati, maharage, ugali, na katika msimu wake mapeasi na plamsi za Lushoto.

Gia ndizo zinazowezesha kupanda. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, kwa mfano yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, huenda zaidi ya m 5 kwa kila mzunguko wa pedali. Hiyo ni nzuri tambarare, lakini kilimani mguu hushindwa. Baiskeli yenye meno 32 mbele na 32 nyuma huenda kama m 2 tu kwa mzunguko mmoja. Mwendo huwa mdogo, kama km 7 kwa saa, lakini mguu hausukumi kwa nguvu kupita kiasi na magoti hayaumii. Mahali ambapo hata gia ndogo haitoshi, kushuka na kukokota baiskeli si aibu. Kwenye mwinamo mkali mwenye kukokota na mwenye kukanyaga hufika karibu pamoja.

Kushuka

Nishati iliyotumika kupanda haipotei. Msafiri aliyeko Lushoto anayo tayari ile juli 980,000, na akirudi Mombo lazima yote iondoke. Sehemu huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Sehemu inayobaki huondolewa na breki, nazo huigeuza kuwa joto. Kiasi hicho chote kingetosha kupasha moto karibu lita 3 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Polepole au kwa haraka, breki hupata moto, na anayeshuka taratibu sana huku amezibana muda wote huzipa joto kubwa zaidi kwa sababu upepo haumsaidii.

Katika baiskeli zenye breki za kubana rimu, joto huingia kwenye rimu na kwenye tyubu, na tyubu inaweza kupasuka. Katika breki za sahani, sahani hupata moto hadi vibanio vikapungua nguvu. Dalili ni harufu ya kuungua, mlio usio wa kawaida, au mkono wa breki unaozama kuliko mwanzo. Dalili hizo zikionekana, hakuna dawa ila kusimama kando ya barabara na kungoja zipoe.

Hatari ya pili ni mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya mwendo huzidi mara nne. Tuchukue njia ya changarawe yenye mteremko wa asilimia 10, ambako breki zinaweza kupunguza mwendo kwa kiasi cha mita 2 kwa sekunde kila sekunde, na tuhesabu sekunde moja ya mtu kutambua hatari. Anayekwenda km 20 kwa saa atasimama baada ya kama m 13. Anayekwenda km 40 kwa saa atahitaji kama m 42. Kona nyingi za milimani hazionyeshi m 42 za mbele, na nyuma ya kona kunaweza kuwa na lori, ng'ombe au watoto wanaotoka shule.

Kanuni zinazofuatwa na waongozaji wazoefu ni hizi:

- kukagua vibanio na nyaya za breki kila asubuhi kabla ya kuondoka, si baada ya kusikia mlio;
- kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si ndani yake;
- kubana na kuachia kwa zamu, kwa kutumia breki zote mbili, badala ya kuzibana mfululizo;
- kukaa nyuma kidogo kwenye kiti ili uzito usielekee kwenye gurudumu la mbele;
- kubaki upande wa kushoto wa barabara hata pale kona inapovutia kukatwa;
- kuacha nafasi kubwa kati ya msafiri na msafiri;
- kusimama kila baada ya kilomita chache, kupoza breki na kupumzisha vidole.

Kofia ngumu huvaliwa muda wote wa kushuka. Glavu huzuia mikono kuteleza na hulinda viganja mtu akianguka.

Hali ya hewa na majira

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wakati wa masika njia za udongo huwa tope linalojaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu lisizunguke. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu zaidi na ndiyo inayopendwa na wasafiri, ingawa Juni, Julai na Agosti ni baridi hasa usiku, na ukungu huweza kufunika msitu hadi saa tatu au nne asubuhi. Januari na Februari pia hufaa.

Joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila m 1,000 za kupanda. Anayetoka Mombo akiwa ameloa jasho hufika Magamba penye baridi, na akianza kushuka upepo humpoza zaidi. Koti jepesi la kuzuia upepo na mvua linahitajika hata kama siku ilianza kwa jua kali. Giza huingia mapema chini ya miti. Inafaa kuwa nje ya msitu kufikia saa kumi na moja jioni.

Baiskeli na vifaa

Baiskeli inayofaa ni yenye fremu imara, gia ndogo za kupandia, breki nzuri na tairi zenye upana wa kama sm 5. Mzigo hufungwa kwenye karia, chini na karibu na gurudumu. Mzigo wa mgongoni huchosha mabega na huinua uzito juu, jambo linaloyumbisha msafiri kwenye kona.

Vifaa vya lazima ni pampu, tyubu ya akiba, viraka na solusheni, vyuma vya kutolea tairi, spana, kifaa cha kukatia na kuunganishia mnyororo, vibanio vya breki vya akiba, waya wa breki na wa gia, taa, kengele, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Mafundi baiskeli wapo katika miji na masoko, nao wana ujuzi mkubwa wa kuziba pancha, kunyoosha rimu na kukaza spoki. Vipuri vya baiskeli za kawaida hupatikana kwao, lakini vya breki za sahani na gia za kisasa ni vigumu kupatikana. Mwenye baiskeli ya namna hiyo aje navyo.

Maji ya vijito huonekana safi, lakini juu yake kuna mashamba na mifugo. Huchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa.

Wenyeji na taratibu

Barabara za Usambara ni za wenyeji kwanza. Ndizo wanazopita kwenda shamba, sokoni, shuleni na hospitalini, wengi wao wakiwa na mizigo kichwani. Mwanamke aliyebeba kuni au majani ya ng'ombe hawezi kuruka kando ghafla. Mwenye baiskeli ndiye anayepunguza mwendo, kupiga kengele mapema na kupita taratibu. Wasambaa wengi huzungumza Kiswahili pamoja na Kisambaa, na salamu hufungua njia: wazee huamkiwa "Shikamoo", na mgeni asiyesalimia huonekana ana kiburi hata kama ni haraka tu. Picha za watu hupigwa baada ya kuomba. Kuwarushia watoto pipi au fedha huwafundisha kukimbilia magurudumu, na hilo ni hatari kwao.

Kuingia katika hifadhi za mazingira asilia kunahitaji kibali na ada, na hifadhi hizo zipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Si kila njia ya miguu inaruhusiwa kwa baiskeli. Mgeni huuliza kwanza langoni. Mwongozaji wa mahali hapo anajua njia iliyobomoka, siku za masoko na nyumba ya kulala, na malipo yake, pamoja na chakula kinachonunuliwa njiani, ndiyo faida ya wazi ambayo kijiji hupata kutokana na utalii huu.

Athari kwa msitu

Baiskeli haina moshi wala kelele, lakini haina maana kwamba haiachi alama. Tairi linalopita kwenye tope huchimba mfereji. Mvua inayofuata huugeuza kuwa njia ya maji, na udongo huteremka. Mmomonyoko si jambo dogo katika Usambara. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha ujenzi wa matuta huko Mlalo ili kuuzuia, na wakulima walipinga vikali kwa sababu kazi ilikuwa kubwa na amri ilitoka juu bila wao kushirikishwa. Tatizo la udongo kwenye miteremko lingali lipo.

Misitu hii pia ni chanzo cha maji. Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, ndio unaoupatia mji wa Tanga maji. Mito Lwengera na Umba nayo inategemea misitu ya juu. Kwa hiyo kinachofanyika kwenye njia ya msituni huwahusu pia watu walioko mbali ambao hawajawahi kufika huko.

Kuna pia suala la mimea ya kigeni. Mti wa Maesopsis eminii ulioletwa Amani kwa ajili ya mbao na kivuli ulienea wenyewe ndani ya msitu wa asili, hasa kwa mbegu zinazobebwa na ndege. Mbegu ndogo husafiri pia katika tope la tairi. Kwa hiyo inashauriwa kuosha baiskeli kabla ya kuingia hifadhini, kubaki kwenye njia iliyowekwa, kukokota baiskeli penye tope badala ya kuchonga njia mpya pembeni, kutowasha moto na kurudi na taka zote. Vinyonga huvuka njia polepole, hivyo ndani ya msitu mwendo wa pole huokoa maisha yao pia.

Tazama pia

Milima ya Usambara
Milima ya Tao la Mashariki
Lushoto
Amani (Muheza)
Wasambaa
Baiskeli